Margaret Beaufort: Mama Aliyengoja Miaka 28

 

Mwanafunzi mmoja wa darasa la wakubwa aliniuliza kwa nini kila tukifika ukurasa huu wa maisha ya watu wa kale tunasoma habari za kwetu tu, ilhali yeye amezaliwa hapa hapa Uingereza, na shuleni kwake siku za kazi anafundishwa habari za mfalme Henry wa Nane na wake zake sita. Nilimjibu kwamba ana haki ya kuuliza. Historia ya nchi unayoishi nayo ni yako, na hakuna sheria inayosema lazima isomwe kwa Kiingereza.

Basi leo nawasimulia maisha ya bibi yake huyo Henry wa Nane, yaani mama mzazi wa baba yake. Jina lake Margaret Beaufort. Alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, aliyeolewa mara nne na kuzaa mara moja tu. Mtoto huyo mmoja alinyang'anywa, akakimbizwa nchi, akakaa ugenini miaka 14, kisha akarudi akawa mfalme. Mama yake alikuwa nyuma ya jambo hilo kwa akili, kwa fedha na kwa moyo.

Mtoto wa kike mwenye mali

Margaret alizaliwa tarehe 31 Mei 1443 katika ngome ya Bletsoe, jimbo la Bedfordshire. Baba yake, John Beaufort, alikuwa Duke wa Somerset, cheo kikubwa sana katika nchi. Lakini baba huyo alikuwa ametoka vitani Ufaransa akiwa ameshindwa na kuaibika, akafa mwaka 1444, siku chache tu kabla binti yake hajatimiza mwaka mmoja. Margaret akabaki yatima wa baba na mrithi wa mali nyingi mno.

Wakati huo mtoto mwenye urithi akifiwa na baba, mfalme ndiye aliyekuwa na haki ya kumpa mtu ulezi wake. Mlezi alifaidi mapato ya mashamba ya mtoto, na pia ndiye aliyeamua mtoto ataolewa na nani. Kwa hiyo mtoto tajiri alikuwa kama shamba lenye minazi mingi: kila mtu alitaka kuliangalia. Margaret alipokuwa na miaka kama 6, mlezi wake alimwozesha kwa mwanawe mwenyewe, mtoto mwenziwe aitwaye John de la Pole. Ndoa hiyo ilikuwa ya maandishi tu, nayo ilivunjwa mwaka 1453. Margaret mwenyewe hakuihesabu hata siku moja.

Kulikuwa na jambo jingine zaidi ya mali. Margaret alikuwa na damu ya kifalme. Babu wa baba yake alikuwa John of Gaunt, mtoto wa mfalme Edward wa Tatu. Ila ukoo wa Beaufort ulikuwa na doa. John of Gaunt aliwazaa hao akina Beaufort na Katherine Swynford kabla hajamwoa. Baadaye alimwoa, na mwaka 1397 Bunge likawatambua watoto kuwa halali. Kisha mfalme aliyefuata akaongeza maneno kwamba pamoja na uhalali wao, kiti cha ufalme hawana haki nacho. Kumbukeni jambo hili, maana litarudi.

Mama akiwa mtoto

Mfalme wa wakati huo, Henry wa Sita, alikuwa mtu mpole, mcha Mungu, na mara nyingine akili yake iliugua hata asimtambue mtu. Alikuwa na ndugu wawili wa mama mmoja, Edmund Tudor na Jasper Tudor. Aliwapa hao ulezi wa Margaret, na mwaka 1455 Edmund akamwoa. Bwana harusi alikuwa na miaka kama 24. Bibi harusi alikuwa na miaka 12.

Hata kwa desturi za siku zile, watu walijua kwamba msichana wa umri huo anaweza kufungishwa ndoa lakini anapaswa kuachwa kwanza akue. Edmund hakungoja. Akipata mtoto na mkewe, mali za mke zingebaki mikononi mwake hata mke akifa. Kwa hiyo mwaka uliofuata Margaret alikuwa mja mzito.

Kabla mtoto hajazaliwa, Edmund alitekwa na maadui huko Wales. Akaugua tauni, akafa katika mji wa Carmarthen tarehe 1 Novemba 1456. Margaret akawa mjane mwenye mimba kubwa, majira ya baridi yanaingia, nchi ina vita, ugonjwa umezagaa. Shemeji yake Jasper alimpeleka katika ngome yake ya Pembroke, kando ya maji ya magharibi ya Wales. Huko, tarehe 28 Januari 1457, alijifungua mtoto wa kiume, akampa jina la mfalme: Henry. Mama alikuwa na miaka 13.

Mimi ni muuguzi, na nilipokuwa mwanafunzi nilipita katika wodi ya wazazi. Nyonga za msichana wa miaka 13 hazijakomaa. Hata leo, pamoja na dawa, damu ya kuongezewa na chumba cha upasuaji, uzazi wa namna hiyo hutufanya sote tukimbie. Fikirieni basi mwaka 1457, katika chumba cha mawe, kukiwa na wakunga na maombi tu. Watu waliomjua Margaret waliamini kwamba uzazi ule ulimharibu mwili, kwa sababu aliolewa tena mara mbili na hakupata mimba nyingine. Mtoto wa Pembroke akawa wa kwanza na wa mwisho. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi huyu alikuwa bado mtoto mwenyewe.

Kuachana na mwana

Mjane kijana mwenye mali hakuachwa akae peke yake. Margaret alielewa hilo, na safari hii hakungoja kuchaguliwa. Alifanya mipango pamoja na Jasper, na mwanzoni mwa mwaka 1458 akaolewa na Sir Henry Stafford, mtoto wa pili wa Duke wa Buckingham. Ilikuwa ndoa ya amani, na wawili hao walipendana.

Lakini nchi haikuwa na amani. Koo mbili za kifalme, Lancaster na York, zilikuwa zinagombea ufalme. Vita hivyo siku hizi huitwa Vita vya Mawaridi. Margaret na mwanawe walikuwa upande wa Lancaster, upande wa mfalme Henry wa Sita. Mwaka 1461 upande huo ulishindwa, na kijana wa York akawa mfalme Edward wa Nne. Jasper akakimbia. Ngome ya Pembroke ikatekwa, na ndani yake alikuwamo mtoto Henry, mwenye miaka 4. Mfalme mpya aliuza ulezi wake kwa William Herbert, yule yule ambaye watu wake walimteka baba wa mtoto huyo, kwa pauni 1,000. Herbert akampeleka katika ngome yake ya Raglan.

Henry hakuteswa. Alilelewa vizuri, alifundishwa kusoma, kupanda farasi na kupigana kwa upanga. Mke wa Herbert alimtunza kama mwanawe. Mama yake alimpelekea barua na wajumbe. Mwaka 1467 Margaret na mumewe walisafiri, wakavuka mto Severn, wakaenda kumtembelea. Walikaa wiki moja tu.

Hapa nawaomba wazazi mnisamehe, maana nina la kusema. Mimi nilimwacha binti yangu kwa mama yangu Tanga akiwa na miaka 3, nikaja huku kusoma na kufanya kazi. Nilipomwona tena alikuwa na miaka 8. Aliniamkia shikamoo kwa adabu kabisa, kama anavyoamkiwa mgeni, kisha akarudi kukaa karibu na bibi yake. Wengi katika shule yetu mnayo hadithi ya namna hii, iwe mlimwacha mtoto Mombasa, Bukavu au Bujumbura. Kwa hiyo nikisoma habari ya ile wiki moja ya Raglan, namwona mama wa miaka 24 akimtazama mtoto wa miaka 10 anayemwita mwanamke mwingine akiwa na njaa.

Mwaka uliobadili kila kitu

Mwaka 1469 Herbert alishindwa vitani akakatwa kichwa. Mwaka uliofuata upande wa Lancaster uliinuka tena, Henry wa Sita akarudishwa kwenye kiti chake, na Jasper akarudi nchini. Margaret akampata mwanawe kwa muda mfupi. Walikuwa pamoja London na nyumbani kwake Woking. Kijana alikuwa na miaka 13, umri ule ule aliokuwa nao mama yake alipomzaa.

Furaha hiyo haikufika hata mwaka. Mwaka 1471 Edward wa Nne alirudi na jeshi. Katika vita vya Barnet, mwezi wa Aprili, mume wa Margaret alipigana upande wa Edward, akajeruhiwa, na majeraha hayo hayakupona. Alikufa mwezi wa Oktoba. Katika vita vya Tewkesbury, mwezi wa Mei, aliuawa mtoto wa pekee wa Henry wa Sita. Wanaume wa mwisho wa ukoo wa Beaufort nao waliangamia. Kisha Henry wa Sita mwenyewe akafa ndani ya Mnara wa London, na wengi waliamini kwamba aliuawa.

Hesabuni sasa, watoto. Upande wa Lancaster ulikuwa umebaki na nani? Kijana wa miaka 14, Henry Tudor, ambaye haki yake ilipitia kwa mama yake, na tena haki yenyewe ilikuwa na lile doa nililowaambia. Kabla ya hapo alikuwa mtoto wa tajiri tu. Sasa alikuwa mtu ambaye mfalme wa York asingelala usingizi akiwa hai. Jasper akamchukua, wakapanda chombo katika bandari ya Tenby, wakavuka bahari hadi Brittany, nchi iliyokuwa na mtawala wake mwenyewe upande wa bara la Ulaya. Margaret hakumwona tena mwanawe kwa miaka 14.

Kumrudisha nyumbani

Vitabu vingi na tamthilia za televisheni humwonyesha Margaret kama mwanamke aliyeota kiti cha ufalme tangu mtoto akiwa tumboni. Ukifuata matendo yake mwaka baada ya mwaka, unaona jambo tofauti kidogo. Kwa muda mrefu alichokuwa akikitafuta ni mwanawe arudi salama na apewe urithi wa baba yake.

Mwaka 1472 aliolewa na Thomas Stanley, bwana mkubwa wa kaskazini magharibi mwenye askari wengi na ujuzi wa kutokuwa adui wa mtu yeyote anayetawala. Ndoa hii ilikuwa ya mipango zaidi kuliko mapenzi. Ilimpa Margaret mlango wa kuingia katika nyumba ya mfalme Edward, naye akaingia humo kwa heshima na utii, akawa mtu wa kuaminika.

Wakati huo Henry aliponea chupuchupu. Mwaka 1476 mtawala wa Brittany alikubali kumkabidhi kwa wajumbe wa Edward. Walipofika bandari ya Saint-Malo Henry akaugua homa, au akajifanya mgonjwa, akapata nafasi ya kukimbilia kanisani, mahali ambapo mtu hawezi kukamatwa. Chombo kikaondoka bila yeye.

Margaret akaendelea na njia yake ya polepole. Mwaka 1482 alifikia mapatano na mfalme Edward kwamba Henry akirudi na kutii, atapata sehemu ya mali za bibi yake mzaa mama. Ilionekana kwamba subira imezaa matunda. Kisha, mwezi wa Aprili 1483, Edward akafa ghafla, akiwa na miaka 40.

Mchezo wa hatari

Edward aliacha watoto wawili wa kiume, mmoja wa miaka 12 na mwingine wa miaka 9. Yule mkubwa alipaswa kuwa mfalme. Badala yake baba yao mdogo, Richard, aliwaweka wote wawili katika Mnara wa London, akatangaza kwamba si watoto halali, akajifanya mfalme kwa jina la Richard wa Tatu. Siku ya kutawazwa kwake, tarehe 6 Julai 1483, aliyebeba pindo la nguo ya malkia mpya nyuma yake alikuwa Margaret Beaufort.

Wale watoto wawili hawakuonekana tena. Mpaka leo watu wanabishana nani aliwaua. Wapo waliomtaja hata Margaret, lakini maneno hayo yalikuja miaka mingi baadaye na hayana ushahidi wa siku zile.

Hapo ndipo mpango wake ulipobadilika. Mama wa watoto hao, malkia mjane Elizabeth Woodville, alikuwa amejificha pamoja na binti zake katika eneo takatifu la Westminster. Askari wa Richard walizunguka nje. Margaret na Elizabeth walikuwa wa pande mbili zilizouana kwa miaka 30, lakini sasa walikuwa akina mama wawili waliokuwa wanamhofia mtu mmoja. Wangeongeaje? Walikuwa na tabibu mmoja, Mwelsh aitwaye Lewis Caerleon. Nani atamzuia daktari anayekwenda kumwona mgonjwa? Tabibu huyo alibeba ujumbe kutoka kwa mama mmoja kwenda kwa mwingine pamoja na dawa zake. Wakakubaliana kwamba Henry Tudor aje atwae ufalme, na amwoe binti mkubwa wa malkia mjane, Elizabeth wa York. Kwa njia hiyo koo mbili zingekuwa nyumba moja.

Margaret alikopa fedha London, akampelekea mwanawe kwa siri. Msimamizi wa mali zake, Reginald Bray, alikwenda huku na huko akikusanya watu. Hata Duke wa Buckingham, rafiki mkubwa wa Richard, aliingia katika njama. Uasi ukaanza mwezi wa Oktoba 1483, nao ukavunjika vibaya. Mvua kubwa ilifurisha mto Severn, Buckingham akashindwa kuvuka, watu wake wakatawanyika, naye akakatwa kichwa. Henry alifika karibu na pwani ya Uingereza, akaona dhoruba na askari wanaomngoja, akageuza chombo.

Bunge la Richard lilimtia Margaret hatiani kwa uhaini. Adhabu ya uhaini mnaijua. Richard hakumuua, kwa kuwa alimhitaji mumewe Stanley. Alimnyang'anya mali zote na vyeo vyote, akaagiza afungiwe nyumbani chini ya ulinzi wa mume wake, bila watumishi wake. Mama aliyekuwa miongoni mwa matajiri wa nchi nzima akabaki hana hata shamba moja kwa jina lake. Alikuwa na miaka 40.

Bosworth

Siku ya Krismasi ya mwaka huo wa 1483, katika kanisa kuu la Rennes, Henry aliapa mbele ya wafuasi wake kwamba akiwa mfalme atamwoa Elizabeth wa York. Mpango wa mama yake ulikuwa bado hai. Mwaka uliofuata Richard alijaribu tena kumnunua kutoka Brittany. Habari zikamfikia Henry mapema, akavaa nguo za mtumishi, akavuka mpaka kuingia Ufaransa muda mfupi kabla hajakamatwa.

Tarehe 7 Agosti 1485 alitua karibu na Milford Haven, huko Wales, si mbali na ngome aliyozaliwa. Alikuwa na jeshi dogo, wengi wao askari wa kukodiwa kutoka Ufaransa. Alipita Wales akiongeza watu njiani. Tarehe 22 Agosti akakutana na Richard karibu na Bosworth, jimbo la Leicestershire.

Jeshi la Richard lilikuwa kubwa zaidi. Kila kitu kilitegemea akina Stanley, waliosimama kando na askari wao wakitazama. Thomas Stanley alikuwa baba wa kambo wa Henry, lakini Richard alikuwa amemshika mwanawe kama mateka. Stanley akakaa kimya. Richard akamwona Henry kwa mbali akiwa na watu wachache, akaamua kumaliza kazi kwa mkono wake mwenyewe, akamkimbilia na farasi zake hadi akamuua mbeba bendera aliyekuwa karibu naye. Wakati huo huo William Stanley, ndugu yake Thomas, akaingia na watu wake upande wa Henry. Richard akauawa hapo hapo. Ndiye mfalme wa mwisho wa Uingereza kufa vitani. Mifupa yake ilipatikana mwaka 2012, chini ya maegesho ya magari mjini Leicester.

Henry akatawazwa tarehe 30 Oktoba 1485 kwa jina la Henry wa Saba. Wanasimulia kwamba wakati watu wote wakishangilia, mama yake alilia sana. Askofu John Fisher, aliyemjua vizuri, alieleza baadaye kwamba Margaret hakuweza kufurahia heri bila kuogopa shari inayoweza kuifuata. Mtu aliyepitia aliyopitia yeye haoni ajabu.

Mama wa mfalme

Mwezi wa Januari 1486 Henry alimwoa Elizabeth wa York kama alivyoahidi. Bunge lilimrudishia Margaret mali zake na kumpa jambo adimu kwa mwanamke mwenye mume: haki ya kumiliki, kununua na kushtaki kwa jina lake mwenyewe. Kutoka nyumba yake ya Collyweston alisimamia haki na mashauri ya watu kwa niaba ya mwanawe. Tangu mwaka 1499 alianza kutia sahihi kwa jina lake na herufi R, kama wafanyavyo wafalme.

Fedha zake nyingi alizitia katika elimu. Alianzisha nafasi za kufundisha dini katika vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge, akaanzisha Christ's College huko Cambridge mwaka 1505, na kwa mali aliyoiacha kikaanzishwa pia St John's College. Vyote vipo hadi leo. Alitafsiri vitabu vya ibada kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza na kuvipeleka kwa wapiga chapa, kazi iliyokuwa mpya kabisa nchini. Nyumbani kwake alitunza maskini 12, akiwapa chakula na nguo, na walipougua aliwauguza kwa mikono yake. Sisi wauguzi twaweza kumhesabu mwenzetu.

Lakini kitendo chake ninachokipenda kuliko vyote ni hiki. Mfalme Henry alitaka kumwoza binti yake, aliyeitwa Margaret kama bibi yake, kwa mfalme James wa Nne wa Uskoti. Binti alikuwa hajafika hata miaka 9 mazungumzo yalipokuwa yakiendelea. Bibi na mama yake walisimama pamoja wakakataa asipelekwe mapema. Walihofu kwamba mume hatangoja, na mtoto ataumizwa. Mfalme alisikia. Binti alikwenda Uskoti mwaka 1503 akiwa na miaka 13, na mtoto wake wa kwanza alimzaa akiwa na miaka 17. Miaka 17 bado ni michache, lakini tofauti na miaka 13 ni kubwa. Bibi yake hakuwa amesahau Pembroke.

Gharama yake

Si haki kumsifu Margaret na kunyamaza kuhusu waliolipa. Ili kiti kibaki kwa mwanawe, kijana mmoja aitwaye Edward, Earl wa Warwick, mwenye damu ya York, alifungwa katika Mnara wa London akiwa na miaka 10, bila kosa ila kuzaliwa. Mwaka 1499, akiwa na miaka 24, alikatwa kichwa. Naye alikuwa yatima kama Margaret alivyokuwa. Mama aliyelia miaka mingi kwa ajili ya mtoto aliyechukuliwa alimwona mwanawe akimfanyia hivyo mtoto wa mwingine, na hatusikii kwamba alimzuia.

Mwisho wake

Henry wa Saba alikufa tarehe 21 Aprili 1509. Mama yake, mwenye miaka 65, alisimamia mambo mpaka mjukuu wake alipotawazwa kuwa Henry wa Nane tarehe 24 Juni. Siku tano baadaye, tarehe 29 Juni 1509, akafa Westminster. Wafalme na malkia wote wa Uingereza waliomfuata mjukuu wake, hadi Mfalme Charles wa leo, ni uzao wa mtoto yule mmoja wa Pembroke.

Kaburi lake liko Westminster Abbey. Juu yake kuna sanamu ya shaba aliyoitengeneza Pietro Torrigiano kutoka Florence. Wazazi mkienda na watoto, msiishie kwenye uso. Tazameni mikono iliyounganishwa kwa sala: ni mikono ya bibi kizee, imekunjamana, kama mikono ya bibi zetu waliotulelea watoto.

Sisi wazazi nasi tuna matamanio yetu. Mmoja anataka mtoto awe daktari, mwingine wakili. Si vibaya. Lakini nikimtazama Margaret najiuliza ni lini mtoto anakoma kuwa mtoto na kuwa mpango wa mzazi. Nadhani jibu lake ni ile siku alipokataa mjukuu wake asipelekwe Uskoti, ingawa ndoa hiyo ilikuwa na faida kwa ufalme wote. Siku hiyo aliweka mtoto mbele ya kiti.

Maneno ya wiki hii

Mrithi: mtu anayepokea mali au cheo baada ya mwenyewe kufa.
Uhaini: kosa la kumsaliti mfalme au nchi.
Mateka: mtu anayeshikwa ili mwingine atii.
Kuponea chupuchupu: kuokoka kwa kiasi kidogo sana.
Kutawazwa: kuwekwa rasmi katika ufalme.

Maswali ya kuzungumza nyumbani, kwa Kiswahili tafadhali

1. Kwa nini Margaret na Elizabeth Woodville walikubali kushirikiana ingawa koo zao zilikuwa maadui?
2. Thomas Stanley alisimama kando vitani. Ungekuwa wewe, na mwanao ni mateka, ungefanya nini?
3. Muulize mzazi wako au bibi yako kwa simu: je, aliwahi kukaa mbali na mtoto wake au mzazi wake kwa muda mrefu? Siku walipoonana tena ilikuwaje? Andika mistari 10, uje nayo Jumamosi ijayo.